Ziwa Liwe Chini

Wananchi wote wa nyanda za juu, walio nyumbani, shambani na safarini, walitangaziwa kwamba mipaka inakuja. Gari la matangazo lilizunguka Kasulu mjini tangu sokoni hadi chuo cha ualimu, likapanda Kibondo, likaishia Mabamba, ambako barabara inagota Burundi. Mzee mmoja wa Kabanga alilisimamisha njiani. Alitaka kujua kama safari hii mpaka utapita mbele ya nyumba yake au nyuma, ili ajue ng'ombe awafunge wapi.

Swali lake lilipokelewa kwa uzito unaostahili. Akaelezwa kwamba kinachokuja si mpaka wenyewe, ni Maonyesho Yanayotembea ya Ramani za Kale za Mipaka na Uhamaji, na kwamba yeye kama mdau atafaidika nayo. Mzee akasema mara zote zilizopita pia aliambiwa atafaidika.

Stanislaus, Katibu wa Maonyesho, alikuwa ndani ya gari hilo, na jibu la mzee halikumgusa. Alikuwa na jambo moja tu kichwani: kuthibitishwa kazini. Mratibu Mkuu, Bwana Tamimu Athuman, alikuwa amemwahidi kwamba Mgeni Rasmi akizindua Mabamba bila aibu yoyote, Stanislaus atakuwa Katibu wa kudumu, mwenye kiti kinachozunguka. Tangu siku hiyo Stanislaus alikuwa akizunguka hata kwenye kiti cha plastiki.

Kasulu mambo yalienda vizuri. Ramani zilitundikwa ukutani: ya Wajerumani, ya Wabelgiji, ya Waingereza, na nyingine mpya mpya. Tatizo lilikuwa moja. Wananchi walizitazama, wakatikisa vichwa.

"Mbona ziwa mmelitundika ubavuni?" aliuliza mfanyabiashara mmoja wa mihogo. "Sisi hapa tunashuka Kigoma. Hakuna mtu aliyewahi kwenda Kigoma kushoto."

"Maji hayatamwagika?" aliuliza jirani yake.

Mtu mwingine angeeleza habari za kaskazini na kusini. Bwana Tamimu hakuwa mtu mwingine. Alikuwa amehudhuria semina ya ushirikishwaji wa jamii, tena ile yenye chakula cha mchana. Alisimama papo hapo akatoa maelekezo: "Sauti ya wananchi imesikika. Kuanzia leo, katika ramani zote, ziwa liwe chini."

Ramani zikageuzwa. Maandishi yakalala ubavu, na wageni wakawa wanasoma huku wameinamisha vichwa begani kama kuku anayesikiliza. Kufika Kibondo, nusu ya wageni walitoka wakijikanda shingo. Katika taarifa yake, Bwana Tamimu aliandika kwamba wananchi wa Kibondo walishiriki kwa mwili mzima.

Kilele cha yote kilikuwa Mabamba. Hapo Kamati ya Maonyesho ilipanga kuchora ramani moja kubwa chini, uwanja mzima wa gulio, kwa chokaa ile ya viwanja vya mpira, ili mwananchi aingie ndani ya historia kwa miguu yake. Kikwazo kilikuwa kibanda cha Mama Aline Niyomwungere, mama lishe, kilichokaa katikati ya uwanja kikitoa moshi. Kwa mujibu wa mchoro, mpaka ulipaswa kupita jikoni kwake.

Stanislaus alitumwa akamjulishe. Alikwenda saa ya chakula, kwa sababu ndiyo saa ambayo mama lishe hupatikana.

"Mama Aline," alisema, akiwa amekwisha kumaliza nusu ya samaki wake wa mgebuka, "Kamati imekuona."

"Imeniona nafanya nini?"

"Umekaa juu ya mpaka. Kitaalamu unaitwa kikwazo cha kihistoria. Unatakiwa kupisha."

Mama Aline aliendelea kusonga ugali wa muhogo. "Mimi nimekaa hapa tangu mwanangu wa kwanza ananyonya, na sasa ana mke. Huo mpaka ulikuwa wapi siku zote hizo?"

"Ulikuwa kwenye ramani."

"Si ungebaki huko huko."

"Mama, haya ni maonyesho ya uhamaji. Ukihama, na wewe unakuwa sehemu ya maonyesho."

"Mama yangu alihama akiwa amenibeba tumboni, akavuka pale chini, mvua inanyesha. Hakuna aliyemwita maonyesho." Alimwongezea maharage. "Nikitoka hapa nitauza wapi, Katibu? Kule nyuma ya choo cha soko? Nani atakula kule? Wewe utakula kule?"

Stanislaus alilifikiria swali hilo kwa haki, akaona kwamba hapana, asingekula. Lakini swali halikuwa la Katibu ambaye hajathibitishwa. Alirudi kwa Bwana Tamimu na taarifa kwamba mdau ameelewa.

"Kibanda kivunjwe kesho," alisema Bwana Tamimu.

"Kesho ndiyo uzinduzi, Kiongozi. Na chakula cha Mgeni Rasmi tumeagiza kwake. Mabamba nzima hakuna anayemfikia kwa maharage."

Bwana Tamimu alitafakari kama watafakarivyo viongozi, macho yakiwa juu. "Basi kivunjwe kesho, chakula kikishaiva."

Jioni hiyo gari la matangazo lilizunguka tena Mabamba, Stanislaus akiwa ameshika kipaza sauti, na kutangaza Utaratibu wa Kuvuka, aliouandaa Bwana Tamimu mwenyewe. Kila mtu atakayeingia uwanjani atasimama mahali ramani inapomweka. Asiye na mahali pa kukaa ndani ya ramani atahesabiwa kuwa mhamiaji, wala hataruhusiwa kushika kipaza sauti, kula, wala kuondoka, mpaka adhaminiwe na mkazi. Mhamiaji aliyedhaminiwa haruhusiwi kumdhamini mwingine, kwa kuwa huo ungekuwa mnyororo. Kusimamia hayo aliwekwa Twalibu, mgambo wa soko, mtu mrefu asiyecheka.

"Usimwangalie mtu usoni, Twalibu," Bwana Tamimu alimwagiza. "Hata nikiwa mimi."

"Hata ukiwa wewe, Kiongozi," alisema Twalibu, na akalitia moyoni.

Asubuhi Stanislaus alisimamia uchoraji. Ziwa lilitakiwa kuwa chini, na chini kwa uwanja ule ni upande wa barabara, ambako hema la meza kuu lilikuwa limekwisha kusimikwa ili gari la Mgeni Rasmi lisikanyage matope. Vijana walikoroga bluu ya kufulia, wakalimwaga ziwa. Ziwa likaja, likapita chini ya meza, likazizunguka sofa, likaishia nyuma ya pazia. Stanislaus aliliona. Lakini maelekezo ya Mratibu Mkuu hayahojiwi na mtu ambaye hajathibitishwa.

Mgeni Rasmi alifika, mtu mnene mwenye haraka na njaa, akaketishwa sofani. Bwana Tamimu akakaa kulia kwake, Stanislaus nyuma yao. Uwanjani wananchi walisimama kwa utaratibu, wengine upande wa Buha, wengine upande wa Urundi, wakipungiana mikono kama siku zote.

Bwana Tamimu aliagiza mipaka ichorwe mmoja baada ya mwingine. Katika ramani ya Wajerumani, Mama Aline alikuwa katikati ya nchi moja na kila mtu. Wakachora ya Wabelgiji, akawa chini ya Wabelgiji. Wakaifuta, wakachora ya Waingereza, chokaa ikapita nyuma ya jiko lake, akawa wa Waingereza. Muda wote huo alikuwa akikoroga sufuria ileile.

"Mama Aline, uko wapi sasa?" aliuliza mteja mmoja.

"Niko kwenye maharage."

Watu walicheka, na Mgeni Rasmi naye akacheka. Bwana Tamimu aliona wakati umefika wa kutoa hotuba. Alisimama, akanyoosha mkono kuomba kipaza sauti. Twalibu ndiye aliyekuwa nacho, na hakukitoa.

"Kiongozi, unasimama wapi?"

"Meza kuu."

"Meza kuu haimo kwenye ramani. Unasimama ziwani."

Bwana Tamimu alitazama viatu vyake. Vilikuwa vya bluu.

"Ziwani hakuna makazi," aliendelea Twalibu, bila kumwangalia usoni. "Utaratibu unasema asiye na mahali ni mhamiaji. Hakuna kipaza sauti. Hakuna kula. Hakuna kuondoka. Nyote watatu."

"Watatu?" aliuliza Mgeni Rasmi, ambaye harufu ya maharage ilikuwa imemfikia. "Hata mimi? Tamimu, utaratibu huu ni wa nani?"

Bwana Tamimu alieleza kwamba ulikuwa wa pamoja.

"Mkazi ni nani hapa?" Mgeni Rasmi alimuuliza Twalibu. "Nataka mtu ambaye hajahama kwenye ramani yoyote."

Uwanja mzima ukaonyesha kibanda.

Mama Aline alifuta mikono kwenye kanga, akaja mpaka ukingoni mwa ziwa. Alimtazama Mgeni Rasmi juu hadi chini.

"Nakudhamini, bwana mkubwa. Lakini kwangu mtu niliyemdhamini anakaa nyumbani kwangu mpaka ashibe. Sasa nasikia nyumba yenyewe inavunjwa chakula kikishaiva. Na kimeiva."

"Nani avunje?" alisema Mgeni Rasmi, amekwisha nyanyua mguu mmoja. "Kibanda hiki ndiyo alama pekee isiyohama katika maonyesho yote. Kisiguswe, wala leo, wala kesho."

Akavuka. Mama Aline akamgeukia Stanislaus. "Na huyu ni mteja wangu. Njoo, Katibu, benchi lako lipo."

Stanislaus akavuka nyuma ya Mgeni Rasmi, akaketi penye moshi, akapewa sahani.

"Na mimi, mama?" aliita Bwana Tamimu.

Mama Aline alimtazama kwa upole, mwiko mkononi. "Wewe sikujui vizuri, bwana. Wewe ulituma mtu. Hebu kwanza nihudumie niliowadhamini."

Wananchi walikuwa wameanza kulizunguka ziwa, wameinamisha vichwa begani kama walivyozoezwa, wakimsoma Mratibu Mkuu kwa makini.

"Stanislaus," Bwana Tamimu aliita, kwa sauti ambayo Katibu wake hakuwahi kuisikia. "Ile barua yako ya kuthibitishwa nitaisaini leo hii. Nidhamini."

Stanislaus alimeza, akaweka kijiko chini. Alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu alikuwa ameutangaza kwa mdomo wake mwenyewe, Mabamba nzima.

"Kiongozi," alisema kwa masikitiko ya kweli, "mimi pia ni mhamiaji. Huo ungekuwa mnyororo."

Kisha akamuuliza kama huko aliko maji yanafika magotini, ili aingize kwenye taarifa.