Bomba la Bwana Mwinyigogo

Kahawa aliyoichuuza Kashata ilikuwa haijawahi kupoa vikombeni tangu dele, birika lake, litue kwenye baraza ya Mzee Mfaume, pale Temeke mwisho wa nyumba na mwanzo wa minazi. Jioni ile ikapoa. Karani Revelian wa kampuni ya katani alikuwa amekunjua gazeti, na Revelian akikunjua gazeti hata nzi wanangoja amalize. Ndiyo sababu jina lake la barazani lilikuwa Gazeti. Mwaka wenyewe ni ule aliovishwa taji Malkia wa Waingereza, na amri mpya zilikuwa zinakuja kila wiki. Hii ya leo iliwagusa wenyewe.

"Sikilizeni nyie," Gazeti akasema huku akifuta miwani kwa shati. "Mtu yeyote mwenye shamba, akitaka kulikata viwanja awauzie watu wajenge, kwanza atengeneze barabara. Halafu achimbe mtaro wa maji ya mvua. Halafu alete bomba la maji. Asipofanya hivyo, hapewi kibali hata cha banda la kuku."

"Astaghafirullah!" Kashata akaweka dele chini. "Barabara kabla ya nyumba? Sasa hiyo barabara itakuwa inakwenda kwa nani?"

"Kwa nyumba zitakazokuja."

"Kwa hiyo ikae hapo tu inangoja, kama posa ya Marijani?"

Baraza zima likaangua kicheko, na Marijani naye akacheka, maana angefanyaje? Alikuwa fundi cherehani mpole, mikono laini, hajapata kubeba kitu kizito kuliko mkasi. Walimwita Mtarajiwa. Posa yake kwa Chausiku ilikuwa imekaa muda mrefu mno, hata ile kanzu ya harusi aliyojishonea mwenyewe ameshaipanua mara mbili.

"Wakati wa Mjerumani," akaanza Mzee Mfaume, na wote wakajiweka sawa, kwa sababu mzee huyu hakuwa na wakati mwingine wowote, "barabara haikuwa na maneno. Mjerumani akisema hapa ipite, ukiamka asubuhi minazi imeshasogea."

"Mzee, minazi ina miguu?"

"Ungemwona yule askari mwenye kiboko, Kashata mwanangu, hata wewe ungeota miguu ya ziada."

Marijani bado alikuwa kwenye lile neno moja tu, bomba. Mama wa Chausiku, Bi Tunu, hakutaka mahari kubwa wala vitanda. Alisema jambo moja tu siku ya posa, akalisema akiwa ameshika shingo yake: "Mie nimejitwika ndoo tangu sijavunja ungo mpaka shingo hii imezama mabegani. Mwanangu hatajitwika. Jenga penye bomba, uje umchukue. Pasipo na bomba, usije." Na Marijani alikuwa ameshachagua kiwanja cha pembeni katika shamba la Bwana Mwinyigogo. Kilikuwa kizuri, kina upepo na majirani watulivu, na bomba la karibu lilikuwa huko mjini kabisa.

Basi kumbe mtu akitajwa huja. Bwana Mwinyigogo mwenyewe akatokea njiani, kofia ya viua kichwani, bakora mkononi, uso umemkunjika kama mtu aliyekula ndimu.

"Mmesoma?" akauliza kabla ya salamu.

"Tumesoma. Pole, bwana mkubwa."

"Pole ya nini? Barabara nimechonga. Mtaro nimechimba."

"Mtaro tumeuona," Gazeti akasema kwa upole. "Lakini unapanda mlima."

"Maji yakizoea yatapanda. Taabu yangu mie ni bomba. Mabomba ya chuma kutoka mjini mpaka kwangu ni kuuza minazi yote, na nikiuza minazi sina shamba la kukata. Sasa Jumamosi anakuja Bwana Afya kukagua." Akaketi, akapunguza sauti. "Nina pipa. Nitalipandisha juu ya kichanja, nyuma ya uzio wa makuti. Mpira utapita chini ya mchanga mpaka kwenye mfereji wa koki nitakaousimamisha kando ya barabara. Bwana Afya atafungua, maji yatatoka, ataandika, atakwenda zake. La kweli nitalileta baadaye, Mungu akipenda. Nataka watu wa kunijazia pipa tu."

"Huo si ulaghai huo?" Kashata akauliza.

"Ulaghai ni kuuza kahawa iliyopoa."

Kashata akapepea makaa chini ya dele. Bwana Mwinyigogo akamgeukia Marijani. "Fundi, wewe ndiye wa kwanza kupata kibali. Jumamosi tu, na Jumatatu unachimba msingi."

Moyo wa Marijani ulimwambia akatae. Moyo huohuo, bila haya, ukamwonyesha Chausiku amekaa kizingitini anaosha mchele. Akasema, "Nitakuja."

Yangekwisha hapo kama Marijani angejua kufunga mdomo. Furaha ilimzidi. Ijumaa baada ya sala akapita kwa Bi Tunu, akapiga hodi kwa adabu, akasimama nje ya kizingiti kama inavyompasa mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Habari za kuchelewa?"

"Mama, bomba limefika. Kesho linafunguliwa mbele ya Serikali."

Bi Tunu akaacha kusuka ukili. "Bomba? La maji?"

"La maji, mama."

"Basi kesho nitakuja kuliona kwa macho yangu," akasema, na Marijani akaondoka anaruka madimbwi. Hakujiuliza mwanamke wa Temeke anakwenda kuliona bomba na nini mkononi.

Jumamosi ikafika. Mzee Mfaume alikuwa kisimani anavuta kamba, Kashata anapokea ndoo katikati ya njia, Marijani anapanda kichanjani kwa vigogo vya minazi na kumimina kwenye pipa. Gazeti, kwa kuwa alikuwa na suruali ya ofisi, aliwekwa mbele kuzungumza. Bwana Afya akaja na baiskeli, soksi zimefika magotini. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa kutazama.

"Mtaro huu unapanda," akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka.

"Unapanda kidogo, bwana, halafu utashuka," Mwinyigogo akajibu.

"Utashuka lini?"

"Masika."

Bwana Afya akaandika. Akaenda kwenye mfereji, akaufungua. Maji yakatoka, meupe, yana nguvu. Marijani, jicho kwenye upenyo wa makuti, akashusha pumzi. Bwana Afya akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaufunga, akatia kalamu mfukoni.

Hapo ndipo vigelegele vilipopigwa.

Bi Tunu alitokea kwenye kona na mtaa mzima wa kinamama nyuma yake, na kila mmoja ana debe au ndoo, wengine wamekamata sufuria za harusi. Bwana Afya akapendezwa mno, akasimamisha baiskeli, akaomba kiti. "Vizuri sana! Wananchi wanatumia bomba. Nitakaa nitazame."

"Bwana, jua kali," Gazeti akasema.

"Nimezoea."

"Bwana, huku kuna mbu."

"Saa nne ya asubuhi?"

"Wa huku hawajui saa, bwana."

Debe la kwanza likajaa, na la pili. Huko nyuma Marijani aliona maji yanashuka pipani kama yamepewa ruhusa ya kwenda kwao. "Kashata! Leta!" akanong'ona kwa ukali. "Na mzee avute!"

"Mzee anasema kiuno!"

"Mwambie Mjerumani anakuja!"

Kamba ikaongeza kasi. Marijani akajifunga kanzu kiunoni, akajitwika debe mwenyewe, akapanda, akamimina, akashuka, akajitwika tena. Maji yalimwingia masikioni. Shingo ikaanza kuwaka moto, halafu ikaacha kuwaka, na hiyo ya kuacha ilimtisha zaidi. Mbele, mfereji ukawa unatoa maji, unakata, unatoa, unakata.

"Mbona yanakuja halafu yanakwenda?" Bwana Afya akauliza.

"Bomba geni, bwana," Gazeti akajibu jasho likimtiririka. "Bado lina haya."

"Na mbona linahema?"

"Ni... ni upepo, bwana. Mabomba ya pwani yana upepo."

Mfereji ukakohoa, ukanyamaza, ukatetemeka. Kisha chura mdogo akachungulia, akawatazama kinamama mmoja mmoja, akarukia ndani ya ndoo.

"Ebo!" akapiga kelele Bi Margareta, jirani wa Bi Tunu. "Chura huyu mie namjua! Si ndiye anayenirukia kila asubuhi pale kisimani? Kaja na bomba gani huku?"

Kinamama wakainamia ndoo kumtazama chura, na hapo pakasikika mtu anahema nyuma ya makuti. Bi Tunu akaweka debe chini, akauzunguka uzio. Bwana Afya akamfuata.

Marijani alikuwa ndiyo kwanza anajitwika debe lililojaa mpaka ukingoni. Akageuka, akakutana na mama mkwe uso kwa uso. Na hapo malezi yake yote mema yakamponza. Mkwe anamsalimia mama mkwe kwa kuinama. Akainama.

"Shikamoo, ma..."

Debe zima likamwagika. Nusu ilimwogesha Bi Tunu, nusu ikajaza soksi za Bwana Afya.

Bwana Afya akatazama pipa, akatazama mpira, akatazama soksi, mwisho akamtazama Marijani. "Wewe ni nani?"

"Fundi cherehani, bwana."

Bwana Afya akatoa kalamu, akaandika huku anasoma kwa sauti ili Mwinyigogo asikie vizuri. "Barabara, ipo. Mtaro, unapanda, urekebishwe. Bomba, hakuna. Fundi cherehani, yupo." Akafunga daftari. "Hakuna kiwanja hata kimoja kitakachouzwa hapa mpaka mabomba ya chuma yafike. Uza minazi." Akapanda baiskeli, akaondoka soksi zinapiga chapwa-chapwa.

Mwinyigogo akakalia pipa. Kashata na Mzee Mfaume wakawa wanatafuta pa kutazama. Marijani alisimama na debe tupu mikononi, na hakuwa anawaza kiwanja wala Serikali. Alijua amempoteza Chausiku, na machozi yalimlengalenga. Afadhali uso ulikuwa umelowa tayari.

"Mama, nisamehe," akasema. "Nilimtaka mwanao tu."

Bi Tunu alikuwa anakamua upande wa kanga yake. "Nyamaza. Umebeba debe ngapi?"

"Sijui, mama. Niliacha kuhesabu."

"Shingo vipi?"

"Siisikii, mama."

"Enhe." Akaishika shingo yake mwenyewe, kama siku ile ya posa. "Sasa umeijua shingo yangu. Wanaume wote waliopita kwangu kuposa, hakuna aliyeijua." Akawageukia kinamama. "Jamani, mie nilisema mwanangu hatajitwika ndoo. Nilitaka bomba kwa sababu sikujua mwanamume naye ana kichwa cha kutwikwa. Wewe Marijani, Ijumaa mlete shehe. Mtakaa kwangu uani mpaka huyu mwenye minazi alete maji ya kweli. Na mpaka siku hiyo, kila alfajiri mchotaji ni wewe."

Vigelegele vilivyopigwa pale viliwaamsha popo mchana.

Harusi ikapita, na uchotaji ukamkondesha hata ile kanzu aliyoipanua ikabidi aipunguze. Na kila alfajiri, watu walipokuwa wanatoka msikitini, Marijani alikuwa anapita mbele ya baraza na mzega begani, debe mbele na debe nyuma, Kashata anamkaribisha kahawa naye anajibu, "Nikimaliza!"

Mwinyigogo aliuza minazi, akalia, akauza mingine. Mtaro ukageuzwa, ukashuka. Mwisho mabomba ya chuma yakafika kweli, na mfereji wa kweli ukasimama hatua chache kutoka kiwanja cha pembeni. Siku walipohamia nyumba yao mpya, Marijani akauvunja mzega wake mbele ya baraza zima na kuutia motoni chini ya dele la Kashata. Wakampigia makofi.

Kesho yake alfajiri akapita tena. Ndoo mbili mikononi.

"Wewe!" Gazeti akamwita. "Si bomba lipo mlangoni kwako?"

"Lipo."

"Sasa?"

Marijani akaziweka ndoo chini, akajikuna kichwa. "Mama watoto kaniambia bomba liko nje, mtungi uko ndani, na bomba halina miguu. Mtungi wetu nimeshaujaza. Hizi ni za mama mkwe. Anasema maji ya bomba yanayopitia mkononi mwangu ndiyo matamu."

Akainua ndoo zake, akaenda zake akipiga mluzi. Wakamtazama mpaka akapotea kwenye kona.

"Wakati wa Mjerumani," akasema Mzee Mfaume, na safari hii hakuna aliyemcheka, "tulichota maji kwa viboko. Na hakuna hata mmoja aliyepiga mluzi."