Daktari wa Vidukari

Radovan Kubíček alikuwa anarudi kutoka kwenye chama cha wapenda mimea jijini Brno, amepakata mmea wake anaoulisha nzi kwa mkono miaka mitatu sasa, mdomo mpana kama kiberiti, alipomwona ajuza mmoja, Bi Bohumila, dirishani, analia juu ya chungu cha mmea. Kwenye chungu kibao: Damu ya Mfalme. Mtume! Mmea wa mitungi myekundu inayonasa wadudu, watu wangetoa figo kuupata. Ilikuwa Aprili, vichipukizi vyote vinafanana, lakini kibao si kipo? Radovan aliona tayari maonyesho ya Juni, yeye jukwaani, anakabidhiwa zawadi: nyumba ndogo ya kioo ya kupandia.

Akagonga, akavua viatu, akapewa ndala za marehemu mume wa bibi.

"Vidukari, bibi," akasema kwa sauti ya msibani. "Wamejaa kwenye chipukizi."

"Mmea huu si unakula wadudu? Mbona hauwali hawa?"

"Unameza anayetumbukia mtungini. Hawa wako nje, wananyonya utomvu. Simba naye ana kupe, bibi yangu."

"Nipake sabuni?"

"Utauua! Niachie nikaulaze kliniki kwangu. Wiki nane."

"Na mimi nibaki na dirisha tupu? Mume kafa, paka kahama." Akakitupia jicho alichopakata Radovan. "Hicho je? Kinifariji tu, mwanangu."

Radovan akautazama mmea wake. Kikongwe huyu atabaki mikono mitupu, akawaza, wangu ni suala la kuja kuuchukua Juni. Akauacha wake, akabeba wa bibi.

Kliniki ilikuwa ndoo. Aliuzamisha mmea mzima kwenye maji ya mvua, akaukandamiza kwa jiwe, siku mbili. Vidukari wakaelea kama ufuta. Mgonjwa akapona, daktari akacheka peke yake mpaka jirani akagonga ukuta.

Mei, mtungi wa kwanza ukafunguka. Kijani. Wa pili, kijani, rangi ya supu iliyoongezwa maji, aina ile inayouzwa pembeni ya mlango wa kila duka la maua. Akakisoma kibao tena, kana kwamba kibao ndicho kimekosea. Na kweli ndicho.

Juni akaenda kuuchukua mmea wake, akakuta dirisha tupu. Alipofika mbio kwenye maonyesho, Bi Bohumila alikuwa jukwaani na mmea ule wa mdomo mpana, utepe mwekundu wa mshindi shingoni mwa chungu.

"Huo wangu!" Radovan akapiga kelele. "Kibao kilisema Damu ya Mfalme!"

"Kimesema hivyo kwa kila mpita dirishani tangu Februari," bibi akajibu taratibu. "Wameshakuja madaktari watatu. Wewe peke yako ndiye uliyekuja na kitu cha maana mkononi. Haya, waambie hawa: mgonjwa wangu ungenirudishia lini?"

Chama kizima kikamgeukia.

"Basi shika upande ule, mwanangu," bibi akasema, akigusa nyumba ya kioo. "Ni nzito, na gari liko mbali. Halafu nieleze vizuri, vidukari wanaondokaje? Nimejaliwa wengine tena."

"Uzamishe mmea siku mbili," Radovan akahema, jasho linamtiririka. "Maji ya mvua, bibi, siyo ya bomba."

Ulikuwa ushauri wa kwanza wa kweli kutoka kwake, na aliutoa bure.