Kitambaa cha Shangazi Ukutani

Jumatatu, 6 Mei
Mkurugenzi wa jumba letu la sanaa anastaafu! Katangaza kikaoni huku akikoroga chai. Kiti chake kinataka mtu. Mtu huyo ni mimi. Tatizo: Profesa anaamini ni yeye. (Si profesa. Ni msimamizi wa maonyesho kama mimi, ila hunyamaza kabla ya kila neno, watu wakadhani ni hekima.) Maonyesho ya wiki hii ndiyo yatakayoamua. Yeye kapewa ukumbi wa chini, mimi wa juu. Wa chini una madirisha.

Jumanne, 7 Mei
Profesa kapanga ukumbi wake kama walivyopanga babu zake: wakongwe wa Chuo cha Sanaa mlangoni, wanafunzi wao katikati, vijana wa leo karibu na choo. Historia ya sanaa kama foleni ya maji.
Mimi nikakaa mbele ya kazi ya Binti Waya, msanii kijana wa ukumbi wangu. Husuka waya za simu zilizotupwa hadi ziwe mapazia yenye matundu. Nikamwuliza kasomea Chuo? Akacheka. Kumbe alijifunza kwa kutazama vitambaa vya makochi vya bibi yake.
Nikashtuka. Kama kazi ya leo imezaliwa sebuleni, foleni ya Profesa imeanzia mlango usio wake! Anza na kilicho kipya, rudi nyuma polepole, utawakuta mama zetu wamekaa huko muda wote, sindano mkononi.
Ni wazo kubwa kunizidi. Limenitisha kidogo.

Jumatano, 8 Mei
Kwa Shangazi, aliyenilea. Nikamwambia vitambaa vyake vya makochi vinataka dobi, nitavipeleka mwenyewe. Akafurahi. Akasema, mwanangu, sasa umekua. Nikavikunja haraka, kabla hajauliza dobi gani.

Alhamisi, 9 Mei
Nimetundika! Kitambaa kikubwa kando ya pazia la waya. Ajabu: vikaanza kusemezana. Kitambaa hicho nimekiwekea vikombe tangu utotoni, sikuwahi kukiona. Katikati maua yametulia. Ukingoni yanafumuka, kama aliyedarizi alichoka na maua akaanza kuwaza.
Kwenye kibandiko niliandika jina la Shangazi. Kisha nikafikiri. Si watasema nimejaza ukumbi ndugu zangu? Nikafuta. Nikaandika: Msanii hajulikani. Inapendeza. Ina uzito.
Binti Waya akauliza kama kweli hajulikani. Nikamjibu kwamba historia imewameza wengi. Akanitazama kama mtu anayetazama maziwa yaliyochacha.

Ijumaa, 10 Mei
Ufunguzi. Ukumbi umejaa! Profesa kapanda juu kuchungulia, uso umemshuka. Mkurugenzi anatikisa kichwa kwa kukubali. Nikaona kiti kinanikaribia.
Kumbe picha ya kitambaa ilikuwa kwenye mabango ya mjini. (Niliyachapisha mwenyewe!) Shangazi akaingia, kavaa nguo ya harusini. Shikamoo yangu hakuiitikia. Akasoma kibandiko taratibu.
“Hajulikani kwa nani?”
Nikasema ni lugha ya kitaalamu, Shangazi.
“Sare yako ya shule niliishona kwa sindano hii hii. Nayo ilishonwa na asiyejulikana?”
Profesa akavaa miwani, akasogea kukisoma kibandiko.
Sikujua nitazame wapi. Nilidhani atakishusha kitambaa aondoke nacho. Hakukigusa. Akamwomba Binti Waya kalamu, akayakata maneno yangu, akaandika jina lake. Chini yake akaandika jina la mama yangu.
“Ukingo ni wa wifi yangu,” akawaambia watu. “Aliudarizi akiwa na mimba ya huyu. Kisha hakuishi.”
Ukingo ule. Maua yale. Nikatoka nje, nikasimama kwenye ngazi hadi macho yakakauka.

Jumamosi, 11 Mei
Nimekwenda kuomba radhi, kwa magoti. Shangazi akasema radhi haina haraka, kwanza nile. Akanieleza jinsi mama alivyokuwa akicheka kila uzi ulipokatika. Nimemsikiliza hadi chakula kikapoa. Nimeapa: mbele ya jina la mtu, kalamu yangu itatetemeka.

Jumatatu, 13 Mei
Kiti kapewa Profesa. Dunia!
Lakini Mkurugenzi kaniita pembeni. Anasema kile kibandiko kilichokatwa ndicho kazi yenye nguvu kuliko zote ukumbini: historia ikijisahihisha mbele ya macho ya watu! Akauliza ni nani aliyebuni jambo zito namna ile. Nikainamisha kichwa, kwa unyenyekevu.
Kuna maonyesho makubwa ng’ambo mwaka huu. Nimekibandua kibandiko, nimekitia fremu nzuri, kioo pande zote mbili. Kimependeza mno. Hapo chini pa fremu pana nafasi ya jina la msanii.
Nimeandika langu. Kalamu haikutetemeka hata kidogo.