Kuhusu Nakala Zisizo Rasmi za Sauti ya Kaku Émilienne

Likasi, Jumatano

Kwa Tantine Hélène, Présidente wa baraza la familia yetu,

Kwa heshima zote za mtoto uliyembeba mgongoni, nakuandikia kulalamika. Unajua nimeweka sebuleni seva yenye diski nane, nikaziunga kwa programu ziwe diski moja kubwa. Mbili zikifa siku moja, sita zilizobaki zitaandika upya kila kitu. Humo nimehifadhi sauti ya Kaku Émilienne, mama yako na nyanya yangu, akitupigia kasala, zile sifa za ukoo mzima kwa majina, wiki tatu kabla hajatuacha. Ni dakika kumi na moja. Nafasi iliyobaki inawatosha wakazi wote wa Likasi, kila mtu na kasala yake.

Akiba haiozi, na yangu iko kwenye diski nane. Nakala nyingine zote sasa ni fujo:

1. Wewe mwenyewe unayo moja, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, unayoiweka ndani ya beseni la unga wa bukari. Nilipokuomba uifute, ulijibu mbele ya watu: «Minye sifute kitu. Mama iko mu simu yangu, njo mule atabakia.» Kusema Mama atabaki humo humo simuni si jibu la Présidente.

2. Binamu yangu Divin, kule Mulungwishi, anaituma kwa WhatsApp kwa yeyote anayeomba, hata wasio wa ukoo.

3. Mke wangu Mathilde ameificha kwenye flashi, ndani ya mkoba wa kanisani. Siku mbili nzima diski zilipokuwa zikijipanga nilimkataza kupiga pasi ili umeme usikatike, na nadhani hajanisamehe.

4. Hili ndilo kubwa. Mjomba Stanislas anaijua kasala yote kwa kichwa. Anaitoa kwenye harusi bila ruhusa, tena anaongeza majina ya watoto waliozaliwa baada ya Kaku kufa. Nakala ya namna hiyo haikaguliki. Naomba baraza limkataze kukumbuka.

Simu zote ziletwe kwangu Jumapili baada ya misa, nizisafishe mwenyewe.

Nisalimie Tina na mapacha wake, na wote wa Kakontwe, hata wale wanaonicheka.

Mtoto wako mtiifu,
Evariste
Mhifadhi Mkuu wa Familia (nimejiteua)

N.B. Kabla ya kufunga bahasha niliwasha seva nimsikilize Kaku kidogo. Diski hazikuonekana. Badala ya amri ya kuziamsha, nikaandika ile ya kuziunda upya. Programu iliniuliza kama nina hakika, nami nilikuwa na hakika. Sasa zote nane ni nzima kabisa, na hazina kitu ndani. Nimelia, Tantine, sikufichi.

Usiisome barua hii barazani. Mjomba Stanislas aje kwangu ale, aanze kasala tangu mwanzo, na majina aongeze anavyotaka. Nawe, tangu nizaliwe hujawahi kunisikiliza hata siku moja. Nakuomba usianze leo.