Picha ya Kumposea Bi Amne

Jumatatu, 3 Juni 2024
Bi Amne, mjane wa Sikonge, kajibu posa yangu: kwanza picha, kabla ya Alhamisi. Ya sasa! Ile ya mwaka 1979, nikiwa na nywele, haitaki. Miaka sita nasonga ugali peke yangu, sasa nakwamia kwenye picha! Nimejipiga tisa kwa simu ya kupangusa. Zote ukungu.

Jumanne, 4 Juni
Idrisa, fundi kanzu wa upande wa pili wa barabara, kaziona. Kacheka mpaka cherehani ikasimama. Eti mrina asali wee, jicho la kamera umelipaka asali, lifute! Eti nitoke barazani, jua linipige usoni. Eti picha nisiitazame juani, niingie ndani.
Huyu Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Watani! Mtu aliyeingia kaburi la marehemu mke wangu akagoma kutoka mpaka apewe kuku, leo aniambie la kweli? Thubutu!

Jumatano, 5 Juni
Nimefanya kinyume. Nimekaa barazani kivulini, barabara na jua nyuma yangu, nikatabasamu. Jicho la kamera nimelifuta, lakini si kwa sababu kasema yeye. Nzi walikuwa wamenasa. Kisha nikaenda kuitazama picha katikati ya barabara, jua la saa nne. Sikuona kitu, simu inameremeta tu. Dalili njema! Nikatuma.

Ijumaa, 7 Juni
Balaa! Bi Amne kajibu. Anashukuru, picha safi. Anauliza yule bwana wa cherehani, mwenye meno meupe, ana mke? Na lile gunia jeusi mbele yake, nani kaliweka pale?
Gunia!
Nimekimbilia ndani kuitazama. Kweli gunia. Lina kofia.

Jumapili, 23 Juni
Idrisa kaposa, kakubaliwa. Naye mgane kama mimi, shetani huyu! Nikaenda kudai haki ya mtani: nimelala mlangoni kwake, hapiti mtu mpaka nipewe kuku. Nimepewa. Jogoo mzee, mgumu kama bwana harusi.
Idrisa kaninong'oneza, eti mtaa wa Ng'ambo kuna mjane mwingine, Bi Najiat, naye atataka picha. Eti mzee mwenzangu, nakuapia, safari hii kaa juani.
Anaapa kabisa! Hanipati. Kesho najipiga ndani ya stoo ya mizinga. Na mlango nafunga.