Kode Iko kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti

Leo saa tatu asubuhi nimefungiwa nje ya akaunti yangu mwenyewe, ile ninayowekea picha za kazi. Niliifungua mimi, kwa jina langu, Ghislain Kalenga, mchomeleaji wa malango ya chuma, Shituru. Neno la siri nimeliandika sawasawa, herufi kwa herufi. Halikutosha. Wanataka pia kode ya tarakimu sita, na wameituma kwenye namba ya telefone inayoishia na 88.

Namba hiyo ninaijua. Ndiyo taabu yenyewe.

Mwezi wa tano walilazimisha kila mtu aweke namba. Hakuna namba, hakuna kuingia. Sikuwaomba ulinzi. Mtu aliyejenga atelye yake, karakana nzima, kutoka mabati manne mpaka hapa ilipofika anajilinda mwenyewe. Basi nikawapa namba yangu ya pili, ile nisiyoitumia, ili ujumbe wao usinisumbue. Siku hiyo nilijiona mjanja.

Ijumaa iliyopita, sikukuu ya wazazi, nilikuwa nimenunua telefone mpya. Ile ya zamani nikaisugua kwa dawa ya meno, nikaitia katika kisanduku cha mpya, nikampelekea mama mkwe kule Kapolowe. Nikasema mpya, kutoka Lubumbashi. SIM ya 88 ilikuwa ndani. Nayo nikasema mpya.

Jina la mama mkwe silitaji hata humu. Kwao mkwe haongei naye uso kwa uso mpaka ampe zawadi ya kufungua kinywa, na iwe kitu kipya, kisichopitia mkono wa mtu. Miaka kumi na miwili ninasimama nyuma ya mlango na maneno yetu yanapitia kwa mtu wa tatu. Telefone ndiyo ilikuwa zawadi hiyo. Aliipokea, akasema ataitazama kwanza, kinywa atakifungua baadaye.

Na Jumamosi hii Masera Claire, mtawa mkuu wa shule ya wasichana, anachagua nani atengeneze lango la shule. Mita sita kwa mbili na nusu. Lango ambalo kila mzazi wa Shituru atalipita. Anataka kuona picha za kazi. Zangu ni 212, zote ndani ya akaunti. Jimmy, mwenye atelye ng'ambo ya barabara, anazo thelathini, na tisa kati yake ni lango moja lililopigwa picha kutoka pembe tisa.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeamua kukisia. Mwaka wangu wa kuzaliwa na siku. Hapana. Mwaka wa atelye. Hapana. Moja mpaka sita kwa mfuatano. Hapana, rudi kesho.

Nimepiga hesabu nyuma ya bahasha. Tarakimu sita ni uwezekano milioni moja. Kukisia mara tatu kwa siku ni miaka 913. Masera Claire hatangoja.

Mpango wa pili: Suzanne, mke wangu. Nimemwambia kuna mteja aliyekosea namba, kode yake imeangukia kwa mama, apige tu aulize. Suzanne akanitazama kidogo, akapiga, akaiacha isikike chumba kizima.

Mama mkwe akasema namba zimefika kweli, tangu jana mara nne, na zote ameziandika katika daftari pamoja na saa. Lakini hazitoi.

"Banaandika hapa: usipane kwa muntu. Weye Suzanne, hauko muntu?"

Suzanne akacheka mpaka akakaa chini. Akasema Papa Jenny, ndivyo anavyoniita kwa jina la mtoto wetu, mama yangu anazo haki zote. Nikarudi kwenye mashine nikachomelea bawaba upande usio wake.

Jumatano, 6 Agosti

Siandiki hii kwa furaha.

Nilifikiri hivi: mkwe haruhusiwi kuongea na mama mkwe, lakini ofisa wa Kinshasa si mkwe. Nikaazima telefone ya mteja, nikabana pua, nikapiga 88. Kwa Kifaransa nikasema ni idara ya usalama wa mitandao, tunahakikisha kode za wateja wetu, mama asome tu tarakimu sita za mwisho.

Nilisahau kwamba alifundisha darasa la sita miaka thelathini na mmoja.

Alinirekebisha kitenzi. Halafu akarekebisha cha pili. Akaniuliza jina langu, nikasema Bwana Stanislas. Akauliza jina la idara kwa ukamilifu. Akauliza kama mama yangu mzazi yuko hai, na kama anajua kazi ninayofanya. Pale nikakata.

Nimekaa juu ya boksi la elektrodi za kuchomelea dakika ishirini nzima. Miaka kumi na miwili sikumwelekezea neno hata moja, kwa heshima. La kwanza nililomwambia ni uongo, tena kwa pua iliyobanwa.

Alasiri Suzanne kanipa habari: mwizi amempigia mama. Sauti ya mtu mwenye mafua, Kifaransa cha kuokota. Jumuiya ya Kapolowe itamwombea mwizi huyo Ijumaa, ageuke. Nikasema ni jambo zuri kuombeana. Suzanne akaniuliza mbona pua ni nyekundu.

Alhamisi, 7 Agosti

Mtu wa vitendo halii. Kama picha zimefungwa, malango yenyewe hayajafungwa. Yako mjini, yamesimama. Nikachukua telefone mpya na pikipiki, niyapige picha upya.

Lango la kwanza, mbwa. La pili, kutu karibu mpaka juu. Nikapiga sehemu ya juu kabisa. Kwenye la tatu akatoka mwenye nyumba, Mado, akasema afadhali umekuja, lile komeo uliloahidi kulirudia mwaka 2022 bado linaanguka. Nikasema niko na haraka. Akasema hata yeye aliwahi kuwa na haraka, siku wezi walipoingia. Nikalitengeneza. Ilinichukua saa mbili na dakika kumi. Akasimama hapo muda wote akinihesabia misumari.

La nne ni lile bora kuliko yote, lenye maua ya chuma, karibu na njia ya reli. Lilikuwa limepakwa rangi mpya ya bluu. Chini, kwa herufi nyeupe: JIMMY SOUDURE, yaani Jimmy Mchomeleaji, na namba yake. Alilirekebisha mguu mmoja tu, akaweka jina lake kwenye lango zima.

Nimerudi na picha tatu, na moja kati yake inaonyesha mbwa zaidi kuliko lango. Jimmy, anayeniita Grand, yaani kaka mkubwa, kanipigia kelele kutoka ng'ambo: "Grand, nasikia unatembelea malango yako. Yanakumbuka sura yako?"

Vumbi tupu mpaka kwenye meno. Imebaki njia moja.

Ijumaa, 8 Agosti

Kapolowe. Niliondoka mapema, baridi ya kukata masikio, Suzanne nimemwambia ninafuata vyuma.

Nilipofika uani nikageuza mgongo kama inavyotakiwa, nikasimama ninatazama ukuta wa jiko. Carmen, shemeji yangu, alikuwa anaanika mahindi. Yeye ndiye mdomo kati yetu siku zote. Nikamwambia amwambie mama kwamba nimekuja kwa ajili ya kode. Mama mkwe alikuwa amekaa mita mbili nyuma yangu, anasikia kila kitu, lakini desturi ni desturi.

Carmen akasema mama anauliza kode gani, ya mwizi wa Kinshasa?

Nikasema aina hiyo.

Halafu nikasikia sauti ya mwanamume kutoka kwenye telefone. Niliijua kabla haijamaliza neno la kwanza. Ilikuwa yangu.

Picha nilifuta. Ujumbe nilifuta, mmoja mmoja, 340. Kinasa sauti nilikisahau. Ile hotuba ya kutoa zawadi niliifanyia mazoezi mara saba, na mara zote saba nilijirekodi ili nisikie kama ninaonekana mkweli. Ya kwanza nilionekana mkweli. Ya nne ndiyo ile ninayosema mama mpokee hii telefone mpya, kutoka Lubumbashi, halafu ninanyamaza, halafu ninajiuliza kwa sauti kama dawa ya meno itatoa ule mkwaruzo pembeni ya kamera.

Akaicheza mpaka mwisho. Majirani wawili waliokuwa wanapita wakaacha kupita.

Mama mkwe amejua tangu jioni ileile ya zawadi, Ijumaa iliyopita. Wiki nzima alijua mwizi ni nani, alijua pua ni ya nani, akaandika saa za kode katika daftari na kungoja. Kwa nini hakusema, sikuuliza. Mkwe hapaswi kuaibishwa, hata akijitahidi.

Carmen akasema: "Shemeki, mama anasema kode hapani kwa muntu. Lakini kama mwenye telefone akikuja mwenyewe, aseme ni ya nani, huyo haiko muntu, ni mwenyewe."

Nikabonyeza waitume kode. Telefone ikalia nyuma yangu. Kode inaishi dakika mbili. Nikaanza. Nikasema ukweli ni kwamba hali ya biashara, na bei za Lubumbashi, na kwa kweli telefone ile bado ilikuwa na nguvu, mtu akiitazama kwa haki haikuwa na zaidi ya miaka mitatu. Carmen akasema shemeki, imekufa. Nilikuwa nimeeleza dakika mbili na sekunde kumi bila kukiri chochote.

Ya pili. Nikasema ilikuwa yangu. Carmen akasema mama hajasikia, upepo. Hapakuwa na upepo. Nikasema kwa nguvu zaidi. Carmen akauliza, na SIM je? Ikafa.

Ya tatu nikapaza sauti kwa ukuta wa jiko: "Telefone ilikuwa ya minye. Na SIM ya minye. Na ile sauti ya Kinshasa, minye. Munisamehe." Sekunde kumi na moja. Mmoja wa majirani akasema amina.

Ndipo yeye mwenyewe, si Carmen, akanisomea tarakimu sita. Polepole, kama imla darasani. Sikukosea hata moja.

Akaunti ikafunguka. Malango 212. Sikuwa na hamu ya kuyatazama.

Kupitia Carmen akaagiza mambo mawili. Unga wa mahindi wa Suzanne, nibebe. Na kinywa bado kimefungwa. Yale ya kode hayahesabiki, hiyo ilikuwa kusoma. Nilete kitu kipya, hata kidogo, kijiko kinatosha. Nikasema kijiko ni dharau, nitaleta telefone, mpya ya kweli. Carmen akasema mama hakuomba telefone. Nikasema nimeahidi.

Jumamosi, 9 Agosti

Masera Claire alitukalisha mimi na Jimmy kwenye madawati ya wasichana, magoti kidevuni. Jimmy akaonyesha zake thelathini. Nikaonyesha zangu. Masera alipofika kwenye lango la maua ya chuma akazitazama picha zote mbili, ya Jimmy ya bluu na yangu ya kabla ya bluu, yenye tarehe. Jimmy akaanza kukohoa.

Kazi nimepata mimi.

Ningeishia hapo. Lakini Masera akaniita pembeni. Akasema mwalimu wake wa darasa la sita alimpigia jana kutoka Kapolowe, kwa telefone yake mpya, na aliposema mpya Masera alimsikia akicheka. Mwalimu alisema: huyu mukwe wangu, chuma chake ni cha kuamini, mdomo wake upimeni mara mbili. Kwa hiyo Masera atakuja kupima lango mwenyewe, na futi yake, kila Jumatano.

Kwa hiyo kilichonipa kazi si picha 212. Ni telefone ileile.

Nilipita barabara nikitazama viatu. Jimmy akasema hongera, Grand. Nilitamani anitukane.

Jumapili, 10 Agosti

Nimerudi kutoka misa na moyo mweupe. Nimemweleza Suzanne yote. Alikuwa ameshasikia yote, kwa mpangilio mzuri zaidi, kutoka kwa Carmen. Akasema nunua kijiko, Papa Jenny, yaishe.

Lakini ahadi ni ahadi. Na akaunti nayo inanilazimisha tena: niweke namba nyingine badala ya 88, namba nitakayokuwa nayo siku zote. Ile ninayoitembeza mfukoni sitawapa, watanisumbua.

Nimetafuta kwenye droo. Iko telefone ya zamani ya Suzanne, imelala tangu mwaka juzi, SIM ndani, namba inaishia na 31. Nimewapa hiyo. Wameikubali mara moja.

Telefone yenyewe si mbaya. Mkwaruzo mmoja tu, nyuma, na dawa ya meno imeutoa karibu wote. Kisanduku kingine kitupu nimekipata chini ya kitanda. Nimefuta picha, nimefuta ujumbe, nimefuta kinasa sauti, nimehakikisha mara mbili.

Hotuba safari hii itakuwa fupi. Nimeifanyia mazoezi mara tatu tu, na ya mwisho, nikiisikiliza kwenye telefone hiyohiyo, ninaonekana mkweli kabisa.