Amri ya Kila Mtu Akae Kwake

Wananchi wa karibu na wa mbali mnafahamishwa kwamba mwaka wa 1974 kata yetu ndogo, iliyoko kati ya Ekerenyo na Nyaramba, ilikuwa ya kwanza katika wilaya nzima, na pengine katika Afrika Mashariki yote, kukomesha tabia ya watu kukaa mahali ambapo si kwao.

Mpango huo niliubuni mimi, Obadiah Ratemo, Naibu wa Chifu. Sisemi haya kwa kujisifu. Nayasema kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyejitokeza kuyasema.

Fikra zangu zilikuwa nyepesi kueleweka. Serikali inataka maendeleo. Maendeleo huanzia nyumbani. Kwa hiyo mtu asiyekuwa nyumbani anayachelewesha. Na katika kata yangu, mtu ukimtafuta nyumbani humpati. Utaambiwa, "Yuko kwa kisiagi."

Kisiagi hicho, mashine ya kusaga mahindi pale sokoni, kilikuwa cha Mama Drusilla, mjane wa Kiadventista mwenye mikono myeupe kwa unga siku zote isipokuwa Sabato. Mbele ya kisiagi palikuwa na veranda ndefu ya saruji. Upande mmoja aliketi Otiende, fundi cherehani kutoka kule ziwani, akishona sare za kwaya. Upande wa pili aliketi Mzee Onchiri akisuka vikapu, au tuseme akishika kikapu. Katikati walikaa wanawake waliongoja unga, wakimenya karanga na kusemezana. Wachuma chai wakishatua majani yao kituoni walipita hapo kunyoosha migongo. Kazi walikuwa wakifanya, hilo silikatai. Lakini waliifanya huku wakicheka, na hapo ndipo nilipoingiwa na wasiwasi wa kiutawala. Watu wengi hivyo, wanacheka, na hakuna mwenyekiti!

Nilikwenda kufanya ukaguzi.

"Mnafanya nini hapa?" nikauliza.

"Tunangoja unga, Chifu," akajibu Orpah, mke wa Mzee Onchiri.

"Huo hapo miguuni kwako, umekwisha kusagwa."

"Ndiyo. Sasa ninangoja huyu mwenzangu asagiwe."

"Yeye naye akisha kusagiwa?"

"Basi atanipa habari ya kwao, nami nimpe ya kwetu, twende zetu."

"Habari hizo zimeidhinishwa na nani?"

Wakatazamana, halafu wakacheka tena, wote kwa pamoja. Otiende aliacha kukanyaga cherehani ili acheke vizuri. Niliondoka hapo nikiwa na hakika kwamba hali ni mbaya kuliko nilivyodhani.

Alhamisi iliyofuata niliita baraza. Nilihimiza kila mtu aache shughuli zake na afike bila kukosa, nao walifika kwa wingi. Nilisimama juu ya kiti, nikatangaza Mpango Maalumu wa Kurejesha Wananchi Majumbani. Tangu siku hiyo, kila mtu angefanya kazi yake kwake, acheke kwake na azeeke kwake. Watu zaidi ya wawili wakionekana pamoja bila kibali changu, hilo ni kosa. Waliruhusiwa kanisa, shule na baraza langu.

"Na unga?" akauliza Mama Drusilla.

"Kila mtu ataleta mahindi yake, aweke mlangoni, arudi kwake. Ukimaliza kusaga utapuliza filimbi, aje mmoja."

"Nitapulizaje filimbi wajue ni ya nani?"

Nilimwambia kwamba hayo ni mambo madogo ya utekelezaji, na serikali haiwezi kuyaingilia.

Bwana D.O., mkuu wa tarafa yetu, aliusifu mpango huo kwa kutikisa kichwa, maana alikuwa anakula. Akaahidi kuja kujionea mwenyewe soko lililo tupu. Ndugu zangu, usingizi ulikuwa mtamu siku hizo!

Matokeo yalionekana upesi. Veranda ilinyamaza. Otiende alihamishia cherehani katika chumba alichopanga nyuma ya duka. Kwa kuwa wateja hawakuweza kupita kupimwa, alishona sare zote za kwaya kwa kipimo chake mwenyewe, na Jumamosi waimbaji walisimama mbele ya kanisa wote wakiwa na mabega ya Otiende. Nililiona jambo hilo kuwa hatua kubwa katika kuleta usawa.

Ofisi yangu nayo ilianza kupata wageni. Zamani watu walipogombania mpaka wa shamba, walikutana kwa kisiagi, wakatukanana kidogo, mtu wa tatu akaingilia, yakaisha. Sasa walikuja kwangu na mapanga. Ng'ombe akipotea walikuja kwangu. Mtoto akikohoa walikuja kuniuliza kama wa jirani naye anakohoa. Orpah mwenyewe alikuja, akaketi bila kukaribishwa.

"Chifu, nimekuja juu ya Onchiri. Mchukue."

"Amekosa nini?"

"Yuko nyumbani."

"Lakini ndiyo sheria!"

"Tangu alfajiri mpaka jioni yuko nyumbani. Ameanza kunifundisha kupika ugali. Jana amehesabu kuku, amesema wako wengi. Miaka yote hii tumeishi vizuri, Chifu, kwa sababu asubuhi alikuwa akienda na jioni akirudi na kitu cha kunisimulia. Sasa atanisimulia nini? Ninayaona yote."

Nilimweleza kwamba ndoa ni msingi wa taifa. Akasema huo msingi niuchukue niuweke ofisini.

Kisha akafariki Mama Nyangate, bibi kizee aliyeishi peke yake mtoni. Zamani asingekosa kuonekana kwa kisiagi hata siku moja bila mtu kutumwa kumwangalia. Safari hii hakuna aliyejua mpaka mbwa wake walipokuja sokoni. Tulimzika tukiwa wachache, haraka haraka, maana wengi hawakuwa na pa kupatia habari. Katika taarifa yangu kwa Bwana D.O. nilisema mazishi yalifanyika kwa utulivu mkubwa. Ilikuwa kweli. Hata kilio hakikusikika.

Mke wangu Bitutu alirudi kutoka mazishini. Alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza baada ya miaka mingi ya kuomba na kungoja, na tumbo lilikuwa limeshuka. Aliweka sufuria mekoni, akaniuliza bila kugeuka:

"Wewe Obadiah, mimi nikishikwa na uchungu, nani atajua?"

"Mimi ni serikali, Bitutu. Utanijulisha mimi."

"Na wewe utamjulisha nani?"

Nilimwambia nitalifikiria.

Sikupata nafasi ya kulifikiria. Siku ile aliyopanga Bwana D.O. kuja kukagua soko tupu, nikiwa napiga pasi kaptula yangu ya kaki, Bitutu alishika mlango akasema, "Twende." Zahanati ya misheni iko ng'ambo ya soko. Nilitoka nje nikaita majirani waje na machela. Mlima mzima ulikuwa kimya. Kila mtu alikuwa kwake, nyuma ya migomba yake, mlango umefungwa, kama nilivyoagiza. Nilimwita mmoja kwa jina; akanijibu kupitia dirishani kwamba akitoka tutakuwa watatu.

Tukaanza kutembea, yeye ameniegemea. Mvua ya mchana ikatukuta njiani, ile mvua yetu isiyobisha hodi. Udongo mwekundu ukawa sabuni. Tulipofika sokoni Bitutu akapiga magoti kwenye veranda ya kisiagi, akashika nguzo, akasema hawezi kuongeza hata hatua moja.

Nikatazama huku na huku. Soko lilikuwa tupu. Lilikuwa tupu vizuri sana, tupu kuliko nilivyoahidi. Hapakuwa na Orpah, ambaye amewapokea nusu ya watoto wa kata hii. Hapakuwa na mtu wa kutuma wala wa kubeba. Nilipatwa na hali ambayo kwa lugha ya kawaida huitwa hofu. Nilipiga kelele, "Watu! Watu!" Sauti ikaenda mpaka kwenye mabati ya duka, ikarudi peke yake.

Mlango wa kisiagi ukafunguka. Mama Drusilla alimtazama Bitutu, kisha akanitazama mimi.

"Kwa kibali chako, Chifu, nataka watu."

"Waite! Waite wote!"

"Hata zaidi ya wawili?"

"Mama, nakuomba kwa jina la Mungu!"

Akaingia ndani, akawasha injini, akaacha mawe yasage bila mahindi. Kisiagi kikizunguka kitupu hupiga yowe ambalo halifanani na kitu kingine, kama bati linalochanwa. Yowe lile lilipanda mlima na kuvuka bonde. Dakika chache baadaye niliwaona wakishuka kwenye utelezi, wamejifunika majani ya migomba, wanawake mbele, Orpah akiwaongoza, kitambaa kimemdondoka kichwani na hajali. Wachuma chai walikuja na vikapu vikiwa bado mgongoni. Hakuna aliyeuliza kuna nini mpaka alipofika.

Orpah alipanga magunia chini, wanawake wakasimama duara na kanga zao. Mimi nilikuwa nimesimama katikati nikitoa maelekezo.

"Nani huyu?" akauliza Orpah bila kuinua kichwa.

"Ni Chifu," akajibiwa.

"Mtoeni."

Nikatolewa. Nilisimama kwenye mvua, nje ya veranda, Mzee Onchiri akanishika mkono. Alinishika tu, kama unavyomshika mtu kwenye daraja bovu, mpaka niliposikia kilio kidogo, kikali, chenye hasira. Otiende alipita akikimbia na kitambaa cha bluu cha sare za kwaya.

"Ya nini?" nikamuuliza.

"Ya kufunga mtoto, Bwana Chifu. Ama pia nipime yeye kwanza?"

Nililia. Naomba ieleweke kwamba mvua ilikuwa inanyesha.

Ni wakati huo ambapo Landrova ya Bwana D.O. iliingia sokoni. Aliikuta kata nzima: watu wamejaa kwenye veranda, wamefurika mpaka barabarani, wanaimba. Dereva alishtuka akakanyaga breki, gari likateleza likaketi ndani ya matope mpaka mhimili.

"Ratemo!" akaita Bwana D.O. kupitia dirishani. "Uliniambia nitakuta soko tupu!"

"Ndiyo, afande. Lilikuwa tupu. Mimi mwenyewe nimeliona."

"Na mkutano huu ni wa nani?"

Watu wote wakanigeukia. Otiende, ambaye ni mgeni na hajui kuficha, akasema, "Ni ya mke ya Chifu, Bwana D.O. Sisi tumealikwa."

Bwana D.O. alinitazama. Kisha akatazama matope. "Tutazungumza. Kwanza sukumeni gari."

Hakuna aliyesogea.

"Tunaogopa, Bwana D.O.," akasema Mzee Onchiri kwa heshima, kofia mkononi. "Amri inasema zaidi ya watu wawili ni kosa. Nitakupa wawili."

Wakatoka wawili. Walisukuma kwa uaminifu kabisa. Gari likazama zaidi, maji mekundu yakaanza kuingia mlangoni na kutafuta viatu vya Bwana D.O.

"Amri imefutwa!" akasema.

"Imefutwa leo tu, ama hata kesho?"

"Imefutwa kabisa!"

"Walio nyuma hawajasikia, Bwana D.O."

Basi afisa wa serikali akatoka, akasimama kwenye matope mpaka kwenye soksi, akapaza sauti kwamba wananchi wa kata hii wako huru kukaa kwenye veranda ya kisiagi leo, kesho na siku zote, wakiwa na unga au bila unga. Ndipo mlima mzima ulipoinamia Landrova, ikatoka kama jino bovu.

Kabla ya kuondoka alitaka kumwona mtoto. Bitutu alikuwa ameegemea magunia, amechoka, anang'aa. Nilikuwa nimekwisha kuandaa jina, Kemunto, jina la marehemu mama yangu.

"Anaitwa nani?" akauliza Bwana D.O.

"Anaitwa..." nikaanza.

"Nyanchera," akasema Bitutu.

"Nyanchera!" wakaitikia wanawake wote.

"Haiwezekani," nikasema. "Hakuzaliwa njiani. Amezaliwa katika jengo la kibiashara."

Bwana D.O., ambaye si wa huku, aliuliza jina hilo lina maana gani. Kila mtu alikuwa na haraka ya kumweleza. Kwa Abagusii, wakamwambia, mtoto wa kike akimjia mama yake akiwa safarini, nje ya nyumba yake, jina lake ni hilo. Ni yule ambaye hakuzaliwa kwao.

Bwana D.O. alinigeukia polepole. Sikuwahi kumwona akicheka kabla ya siku ile. Alicheka mpaka akaomba kiti, nao wakasogea kumpa nafasi.

Sikuachishwa kazi. Bwana D.O. alisema adhabu hiyo ingekuwa ndogo mno. Mpaka leo ninaitisha baraza kila Alhamisi, ninapanda juu ya kiti, ninavaa uso wa serikali na kutoa hotuba juu ya utaratibu na utii. Watu hunisikiliza vizuri, hakuna anayetoka. Ila nikitua kidogo nimeze mate, kuna mama fulani pale nyuma, na kila wiki ni mwingine, ambaye huniambia kwa sauti ya adabu kabisa:

"Endelea, Baba Nyanchera."